Nyumba za Mchanga

Dominika ya 9 ya Mwaka A
Masomo: Kum 11:18, 26-28, 32, Rum 3:21-25, 28, Mt 7:21-27



Injili ya Dominika ya leo ndiyo hitimisho la Hotuba ya Mlimani. Kwa sura tatu nzima Bwana wetu Yesu Kristo amewafundisha makutano juu ya heri, sala, kufunga, sadaka na msamaha. Sasa, kabla ya kushuka mlimani, anawaachia picha ya nyumba mbili. Moja imejengwa juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga. Mvua iliyozinyeshea ilikuwa moja, mafuriko yalikuwa yale yale, na upepo ulikuwa ule ule. Nyumba ya kwanza ilisimama. Ya pili ilianguka, wala anguko lake halikuwa dogo.

Mfano huu tumeusikia tangu utoto, na pengine kwa sababu hiyo hautushtui tena. Tunaharakisha kusema moyoni: mwenye akili ni mimi, mpumbavu ni jirani yangu. Leo ningependa tuuingie mfano huu kwa mlango mwingine, mlango mdogo wa watoto. Tujiulize swali linaloonekana kuwa la mchezo: kwa nini watu hujenga nyumba za mchanga ufukoni mwa bahari, na hali wanajua kwamba maji yatajaa?

Mtu akipita ufukoni siku ya Dominika alasiri, iwe Coco Beach jijini Dar es Salaam, iwe Bagamoyo au Tanga, iwe Bamburi karibu na Mombasa, atawaona watoto wamepiga magoti mahali pale mchanga ulipolowa. Mmoja anashindilia mchanga katika kifuu cha nazi, anakipindua, na hapo papo amepata kuba. Mwingine amezika mguu wake, anaupigapiga mchanga kwa viganja, kisha anauchomoa mguu polepole, na tazama, pango limebaki. Wa tatu anachimba handaki la kuzuia maji. Wa nne ametumwa kutafuta makombe ya kuwa madirisha na kijiti cha mvinje cha kuwa mlingoti wa bendera. Wala si watoto peke yao. Baba aliyekuja kuwaangalia tu anavua viatu, anakunja suruali, na haipiti nusu saa yeye ndiye msimamizi wa ujenzi.

Nanyi mnaonisikiliza kutoka bara, ambao hamjapata kuiona bahari, msiseme kwamba habari hii haiwahusu. Watoto wa Mwanza na Musoma hujenga kando ya Ziwa Viktoria, wale wa Kigoma na Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika. Na pasipo na ziwa, udongo uliolowa baada ya mvua watosha kufinyangia nyumba, ng'ombe, na zizi la kuwalaza.

Tumwazie sasa mzee mmoja mvuvi anayerudi na nyavu begani, mtu ajuaye bamvua na maji mafu kama sisi tujuavyo siku za juma. Anawakuta watoto wamezama katika kazi yao.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wanangu. Mbona mmejenga hapa? Maji hayo yanarudi."

"Tunajua, babu."

"Mnajua, na bado mnajenga?"

"Ndiyo, babu. Ndiyo maana tunafanya haraka."

Wapenzi wasikilizaji, jibu hilo lastahili kutafakariwa. Watoto hawa hawajadanganyika. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda kwa mita tatu na zaidi. Jambo hili mtoto wa pwani hulijua kabla ya kujua kusoma. Hata hivyo anajenga, na ufupi wa muda, badala ya kumvunja moyo, unamhimiza.

Si mara ya kwanza kwa Wakristo kumpa mtoto wa ufukoni nafasi ya kutufundisha. Yapo masimulizi ya kale, ingawa hayamo katika maandishi ya mtakatifu mwenyewe, kwamba Mtakatifu Augustino alikuwa akitembea kando ya bahari akiwaza juu ya fumbo la Utatu Mtakatifu. Akamkuta mtoto anachota maji ya bahari na kuyamimina katika shimo dogo la mchanga, akikusudia kuihamishia bahari yote humo. Augustino akajifunza pale kwamba akili yake nayo ni shimo dogo mbele ya Mungu asiye na mpaka. Basi nasi tusione haya kuketi kidogo miguuni pa mwalimu huyo mdogo.

Kwanza kabisa, kwa nini mtoto hujenga? Hakuna aliyemwamuru. Mpe mchanga na maji kidogo, naye atajenga. Jibu la imani yetu ni hili: mwanadamu hujenga kwa sababu aliumbwa kwa mfano wa Mjenzi. Kitabu cha Mwanzo, kwa lugha yake ya picha, chatuonyesha Mwenyezi Mungu akitwaa udongo wa ardhi, akimfinyanga mtu, na kumpulizia pumzi ya uhai (Mwa 2:7). Nacho Kitabu cha Mithali chasimulia kwamba Mungu alipokuwa anaiwekea bahari mpaka wake, Hekima ilikuwa kando yake, ikifurahi na kucheza mbele zake (Mit 8:29-31). Tena Mwana wa Mungu alipojifanya mtu, miaka yake mingi hapa duniani hakuipitisha katika kuhubiri, bali katika karakana ya Nazareti. Sisi tumezoea kumwita seremala, lakini neno la Kigiriki walilolitumia Wainjili laweza kumaanisha pia fundi wa kujenga. Aliposema habari za msingi na mwamba, alijua alisemalo.

Kwa hiyo, ewe katekista, ukimkuta mtoto wa darasa la Komunyo ya Kwanza akifinyanga udongo nje ya kanisa, usimkaripie upesi. Mkalishe chini, umwambie ni nani aliyeanza kazi ile. Umepata somo la kwanza la uumbaji bila kufungua kitabu.

Lakini hapo linazuka swali gumu zaidi. Je, watoto hawa si ndio wale wapumbavu wa Injili, waliojenga juu ya mchanga?

La, hasha. Tutazame vizuri mtu yule anayesemwa na Bwana wetu. Katika nchi ya Palestina yapo mabonde ambayo wakati wa kiangazi hukauka kabisa. Chini pana mchanga laini na tambarare, rahisi kuchimba. Mjenzi mvivu huona kwamba amepata kiwanja kizuri. Lakini mvua zikianza kunyesha milimani, bonde hilo laweza kugeuka mto kwa muda wa saa chache tu. Mwinjili Luka anaongeza kwamba mwenye akili alichimba chini sana mpaka akaufikia mwamba (Lk 6:48). Basi kosa la mpumbavu ni kuutendea mchanga kana kwamba ni mwamba. Alihamia humo. Aliwaingiza humo mke na watoto, akalala usingizi.

Mtoto wa ufukoni hafanyi hivyo. Yeye anajua kwamba mchanga ni mchanga. Hahamishii humo kitanda chake. Na jambo la tatu, lililo kubwa kuliko yote: jioni, mama akimwita, huondoka. Huenda akanung'unika kidogo, huenda akaomba dakika tano zaidi, lakini mwisho hukung'uta mikono na kurudi nyumbani. Nani amepata kumwona mtoto aliyekataa kabisa kwenda nyumbani, akisema, "Nyumba yangu ni hii hapa"? Ni sisi watu wazima tusemao hivyo. Tumejenga kwa mchanga wa mali, wa cheo, wa sifa na wa nguvu za mwili. Kisha Mungu anapotuita tunashika kuta kwa mikono miwili, kana kwamba hatuna nyumba nyingine wala Baba anayetungoja.

Ushahidi hauko mbali. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, yako magofu ya kasri liitwalo Husuni Kubwa. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba wa ukingo wa bahari, likiwa na nyua, vyumba vingi na birika la kuogea. Dhahabu iliyotoka kusini ilipita Kilwa, na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri, alipofika huko mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji ule. Hata hivyo kasri halikukaliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Moja ya hatari hizo ilikuwa bahari, iliyokuwa ikimega ukingo na kula kuta za ngome ya Gereza iliyo ufukoni.

Simsemi vibaya sultani yule, wala mafundi wake waliokuwa hodari kweli kweli. Nasema tu kwamba hata jiwe, likipewa miaka ya kutosha, ni mchanga unaosubiri. Nyumba ya mtoto hungoja saa sita, kasri la mfalme hungoja karne sita. Bahari ni ile ile.

Lakini, ndugu zangu, kuna upumbavu ulio mbaya kuliko huo wa kujisahau. Nao ni kuwajengea wengine kwa mchanga na kuwaambia kwamba ni mwamba. Wakazi wa Dar es Salaam hawajaisahau Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013. Asubuhi ile ghorofa ndefu iliyokuwa ikijengwa katikati ya jiji iliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tena tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo na kuwafunika watu waliokuwa wakijitafutia riziki. Kuamua nani alikosa si kazi ya mimbari hii. Lakini fundi yeyote mwaminifu atakuambia mambo yanayoua nyumba popote pale: saruji kupunguzwa, mchanga wa baharini wenye chumvi kutumiwa bila kuoshwa, ghorofa kuongezwa juu ya msingi usiopimwa kuzibeba. Kwa nje yote hayo hufichwa na plasta na rangi. Mpangaji hulala juu ya kitanda chake akiamini kwamba yuko salama.

Hapo ndipo sehemu ya kwanza ya Injili ya leo inapochoma. Bwana wetu asema kwamba siku ile watakuwako watakaomwita Bwana, Bwana, na kumkumbusha kwamba walitoa unabii na kutenda miujiza kwa jina lake, naye atawajibu kwamba hakuwajua kamwe. Hilo ndilo jengo lenye rangi nzuri na nondo haba. Mhubiri auzaye miujiza kwa wagonjwa na wajane anawajengea kwa mchanga. Mzazi ampelekaye mtoto kwenye mafundisho ya dini, na jioni ile ile akamwagiza aseme "Baba hayupo" kwa mtu anayemdai, anamjengea kwa mchanga. Nasi mapadre na makatekista tukifundisha msamaha, na hali sisi kwa sisi hatusemezani, tunajenga kwa mchanga mbele ya macho ya Wakristo wetu. Nao watoto wana macho makali.

Basi mwamba ni nini? Somo la kwanza latuambia kwamba Musa aliwaagiza Waisraeli wayaweke maneno ya Mungu mioyoni, wayafunge mikononi na kati ya macho yao. Angalieni mpango huo: moyo, mkono, macho. Neno linaloishia sikioni bado halijafika kwenye mkono. Lakini Mtume Paulo, katika somo la pili, anatukumbusha kwamba hatuhesabiwi haki kwa matendo ya sheria, bali kwa neema, kwa njia ya imani katika Yesu Kristo. Je, masomo haya yanapingana? Hayapingani. Fundi hautengenezi mwamba, anaukuta. Mwamba ulikuwako kabla hajazaliwa, nao ni zawadi. Mwamba huo ni Kristo. Kazi yetu ni kuchimba mpaka tumfikie, kisha tujenge juu yake kwa mikono yetu. Anayesifu mwamba bila kujenga atalala nje. Anayejenga bila mwamba atalala katika hatari.

Kuna jambo jingine tunaloweza kujifunza kwenye ufuko ule. Jaribu kujenga kwa mchanga mkavu: utakuponyoka vidoleni. Jaribu kwa mchanga uliojaa maji tele: utamwagika kama uji. Nyumba husimama pale tu maji yanapokuwa ya kiasi, kwa kuwa utando mwembamba wa maji huingia kati ya chembe na chembe na kuzivuta zishikane. Chembe za mchanga zenyewe hazina gundi. Ndiyo maana nyumba ya mchanga yaweza kuanguka hata kama wimbi halijaifikia. Jua likiyakausha maji yale kidogo kidogo, chembe huachana, ukuta hupata ufa, na kuba hubomoka lenyewe, kimya kimya.

Enyi mume na mke mnaonisikiliza, ndoa nyingi hazivunjwi na gharika. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyepigwa. Zimekauka tu. Salamu za asubuhi zilikoma, kisha sala ya pamoja ya jioni ikakoma, kisha "asante" na "pole" zikasahaulika, na siku moja watu wawili wakajikuta ni chembe mbili chini ya paa moja. Vivyo hivyo jumuiya ndogo ndogo zetu. Watu wakikutana kwa michango peke yake, bila Neno la Mungu na bila kumtembelea mgonjwa, hukauka, hata kama daftari la mahudhurio limejaa majina. Neema ya Ubatizo tuliyoipokea kwa maji yataka kuhuishwa kila siku kwa mambo madogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba pia hukikausha.

Sasa nageukia wale ambao wimbi limekwisha kuwafikia. Najua wapo wengi katika saa hii. Yupo mzee aliyefanya kazi miaka 30, akaweka kiinua mgongo chake chote katika biashara, na biashara ikafa. Yupo mama aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza maandazi, na mwana akafariki mwaka ule ule alioajiriwa. Yupo katekista aliyewafundisha vijana 40 kwa ajili ya Kipaimara. Askofu akaja, wakapakwa Krisma takatifu, wakapiga picha, na mwaka uliofuata akabaki kuwaona watatu tu kanisani. Watu hawa hawaulizi kwa nini watoto hujenga kwa mchanga. Wanauliza: mimi nilijenga bure?

Kwenu ninyi nina maneno mawili. La kwanza ni hili: wimbi hubomoa nyumba, lakini haliangamizi mchanga. Chembe zile zile hurudi ufukoni, na kesho watoto wengine watazikuta hapo, tayari kwa kazi. Nabii Yeremia atuambia jambo la kustaajabisha: Mungu ameuweka mchanga kuwa mpaka wa bahari, na mawimbi, hata yakivuma, hayawezi kuupita (Yer 5:22). Mchanga ule tunaouona dhaifu kuliko vitu vyote, mkononi mwa Mungu ni ukuta. Ujuzi uliompa mwanao, sala ulizowafundisha vijana wale, uaminifu wako wa miaka 30, ni chembe zilizo mkononi mwa Mungu. Hujui atajenga nini kwa hizo, wala kwa mikono ya nani.

La pili ni hili: tofautisheni nyumba na upendo uliowekwa ndani yake. Mtume Paulo asema kwamba kazi ya kila mmoja itapimwa kwa moto (1 Kor 3:12-15), na mahali pengine asema kwamba upendo haupungui neno wakati wowote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 39, unafundisha kwamba sura ya dunia hii iliyoharibiwa na dhambi inapita, lakini upendo na kazi zake vitabaki, na matunda mema ya juhudi zetu tutayakuta tena yakiwa yametakaswa. Nyumba ya ufukoni haipo tena jioni. Lakini kaka aliyemwachia mdogo wake kifuu cha nazi atumie yeye kwanza, na watoto wawili waliogombana kisha wakapatana ili handaki likamilike, hao wamebeba kitu kurudi nacho nyumbani. Wimbi halikukigusa. Mama muuza maandazi, upendo uliokuamsha saa 10 alfajiri kwa miaka mingi haukuzikwa pamoja na mwanao. Huo ndio uliokuwa juu ya mwamba, nao unakungoja.

Basi hii ndiyo akili anayotutakia Bwana wetu. Hatuambii tuache kujenga. Mkristo asiyelima, asiyesomesha watoto, asiyechangia ujenzi wa kigango, kwa kisingizio kwamba dunia inapita, hajaielewa Injili. Huyo amezika talanta yake katika mchanga ule ule. Tujenge, tena tufanye haraka kama watoto wale, maana maji yanarudi. Ila tuujue mchanga kuwa ni mchanga, na nafsi zetu tuziweke juu ya mwamba.

Kwa juma hili tunaloanza, nawaomba mambo matatu. La kwanza, kila mmoja achague neno moja la Hotuba ya Mlimani, sura ya 5 hadi ya 7 ya Injili ya Mathayo, neno moja tu, alitende kabla ya Dominika ijayo. Kama ni kupatana na ndugu, basi aende kwa ndugu huyo, asingoje kwaresima. La pili, katika kila familia maji yarudishwe kati ya chembe: sala fupi ya pamoja jioni, hata ya dakika tano, na simu ziwekwe kando. La tatu, mtafute mtu mmoja ambaye wimbi limembomolea. Usiende na hotuba. Nenda ukae naye, na kama ana kazi ya mikono, msaidie. Watoto wa ufukoni hawamhubirii mwenzao aliyebomokewa. Humsogelea, wakapiga magoti, wakaanza tena pamoja naye.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetufinyanga kwa udongo na kutupa mikono ya kujenga, tuondolee uvivu wa mtu asiyejenga na upofu wa mtu asiyeijua nyumba yake. Utuimarishe juu ya Mwanao Yesu Kristo, mwamba wetu. Wafariji waliopoteza walichokijenga. Nawe utakapotuita jioni ya maisha yetu, utujalie kukung'uta mikono kwa amani na kurudi nyumbani kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!